Kosa Limeingilia Wapi? Msingi wa Kurekodi Muziki Nyumbani kwa Kompyuta

Rekodi yangu ya kwanza ya nyumbani ilikuwa na jogoo ndani yake. Nilijifungia sebuleni saa kumi na moja alfajiri, wakati ambao nilidhani mtaa mzima umelala, nikaimba ubeti mzima bila kukosea, na nilipousikiliza nikakuta jogoo wa jirani amewika katika mstari wa tatu, feni imevuma mwanzo hadi mwisho, na sauti yangu yenyewe inasikika kama ya mtu aliyeingiza kichwa ndani ya pipa. Nilifanya kile ambacho karibu kila anayeanza hukifanya: nilitafuta programu ya kuondoa kelele, nikatafuta nyingine ya kusafisha sauti, kisha nikaanza kuulizia bei ya maiki iliyo ghali zaidi. Programu ya kwanza ilipunguza mvumo wa feni, lakini iliondoka na ncha za maneno yangu, hata kila "s" ikasikika kama imetamkwa na kibogoyo. Jogoo alibaki, na pipa nalo likabaki.

Maelezo kuhusu kazi hii yamejaa tele, ila humfikia anayeanza kama orodha ya vifaa vya kununua na vitufe vya kubonyeza, kila kimoja peke yake. Mambo huwa mepesi zaidi mtu akiyatazama kama safari moja. Sauti hutoka kooni, ikapita hewani ndani ya chumba, ikaingia kwenye maiki na kugeuka umeme, ikafika kwenye saundi kadi (kiboksi kinachounganisha maiki na kompyuta) na kugeuka namba, ikasubiri zamu yake ndani ya kompyuta, ikahifadhiwa na programu, halafu ikarudi kupitia njia hiyohiyo hadi masikioni. Kila kituo kina aina yake ya kosa, na kosa lililoingilia kituo kimoja ni vigumu sana kuliondoa katika kituo kinachofuata. Kwa hiyo, rekodi inapotoka vibaya, swali lenye manufaa ni moja: kosa limeingilia wapi?

Kituo cha kwanza ni chumba, nacho hudharauliwa kuliko vyote kwa sababu hakiuzwi dukani. Nyumba nyingi za mijini kwetu zina kuta za matofali zilizopigwa plasta, sakafu ya vigae au saruji, na juu kuna dari ya jipsamu au mabati matupu. Vyote hivi ni vigumu, na kitu kigumu huirudisha sauti badala ya kuimeza. Ukiimba, maiki huipokea sauti yako kwanza moja kwa moja kutoka mdomoni, kisha huipokea tena mara nyingi ikiwa imegonga ukuta, dari na sakafu, kila mara ikiwa imechelewa kidogo. Mirudio hiyo ndiyo lile pipa nililolisikia. Simama katikati ya chumba na upige kofi moja la nguvu: ukisikia mlio unaotetemeka kama wa chuma baada ya kofi, ujue maiki itausikia pia, na itausikia kuliko wewe, kwa sababu ubongo wa binadamu umezoea kuupuuza mwangwi wa chumba alimo, na maiki haina ubongo.

Anayeingia katika studio ndogo za mitaani huenda akakuta trei za mayai zimebandikwa ukutani kutoka chini hadi juu. Sijui ni nani aliyeanzisha imani hiyo, lakini hesabu haiiungi mkono. Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la hezi 100, yaani mitikisiko 100 kwa sekunde, ambalo ni sauti nzito ya besi, lina urefu wa mita 3.4, ilhali wimbi la hezi 10,000 lina urefu wa sentimita 3.4 tu. Karatasi nyembamba iliyokunjwakunjwa inaweza kutawanya kidogo mawimbi mafupi kabisa, lakini yale ya katikati, ambamo ndimo sauti ya binadamu ilimo, huipita kana kwamba haipo. Kinachomeza sauti ni kitu kinene na laini chenye vinyweleo ambamo hewa huhangaika hadi ikachoka: godoro la inchi sita, blanketi nzito zilizokunjwa mara mbili, au kabati lililoachwa wazi likiwa limejaa nguo. Kila nyumba ina angalau kimoja kati ya hivi.

Mahali pa kuliweka godoro ndipo wengi hukosea, na mimi nilikosea kwa miezi. Nililisimamisha mbele yangu, nyuma ya maiki, kwa kudhani kwamba ninaizuia sauti isifike ukutani. Sasa, maiki nyingi za kuimbia zimeundwa zisikilize zaidi kwa mbele na zisisikie sana kwa nyuma, jambo ambalo wataalamu huliita umbo la moyo kwa sababu mchoro wa usikivu wake unafanana na moyo. Maiki ya aina hiyo inapomtazama mwimbaji inautazama pia ukuta ulio nyuma ya mwimbaji, na mwangwi wa ukuta huo huingia kupitia upande wenye usikivu mkubwa. Siku nilipolihamishia godoro mgongoni kwangu, nikaliegemeza kwenye kabati, nikatundika blanketi upande wa kulia kwa kamba ya kuanikia nguo, pipa lilipungua kiasi ambacho hakuna programu iliyokuwa imekifikia. Kwa hoja hiyohiyo, mgongo wa maiki ndio unaopaswa kuelekezwa kwenye dirisha, kwenye friji au kwenye kitu chochote kinachovuma. Feni haina ujanja, lazima izimwe, na kwa sababu ya joto mtu hurekodi ubeti mmoja, akawasha feni apoe, akaizima tena. Mvua ikinyesha juu ya mabati, kazi ya siku hiyo ni ya kinanda. Jogoo dawa yake ni saa: saa nne asubuhi, watoto wakiwa shuleni, ni tulivu kuliko alfajiri.

Baada ya godoro, jambo lenye nguvu zaidi ni umbali, nalo halina gharama hata ya blanketi. Kila umbali kati ya mdomo na maiki unapopungua kwa nusu, sauti inayofika moja kwa moja huongezeka kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), yaani mawimbi yake huwa makubwa mara mbili, wakati mwangwi wa chumba hubaki karibu vilevile kwa sababu umeshatawanyika kila mahali. Mtu anayetoka sentimita 60 na kusogea hadi sentimita 15 amepunguza umbali kwa nusu mara mbili, hivyo ameizidishia sauti yake desibeli 12 dhidi ya chumba. Shubiri moja, yaani kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, ni kipimo kizuri cha kuanzia. Ukisogea chini ya hapo, herufi kama "p" na "b" hupiga maiki kwa pumzi na kutoa mshindo mzito, jambo linalozuiwa kwa kitambaa chepesi kilichotandazwa kwenye kitanzi cha waya, au kwa kuigeuza maiki kidogo ili pumzi ipite pembeni yake. Vilevile maiki zenye umbo la moyo huongeza besi kadiri mtu anavyozikaribia, na ndiyo sababu watangazaji wa redio hupenda kuzibusu.

Katika kituo cha maiki yenyewe kuna aina mbili zinazomhusu anayeanza. Maiki ya dainamiki ina koili ndogo ya waya iliyoshikamana na utando, nayo hucheza ndani ya sumaku kila utando unaposukumwa na sauti, ikazalisha umeme yenyewe. Shure SM58, inayoonekana majukwaani duniani kote tangu 1966, ni ya jamii hii. Maiki ya kondensa ina utando mwembamba sana ulio karibu na bamba lenye chaji ya umeme, na umbali kati ya viwili hivyo unapobadilika ndipo mawimbi ya umeme yanapozaliwa. Utando huo ni mwepesi, kwa hiyo hunasa vizuri sauti kali za juu kama za nyuzi za gitaa au udi, lakini maiki hiyo haifanyi kazi bila kulishwa umeme, kwa kawaida wa volti 48, unaopandishwa na saundi kadi kupitia waya uleule unaobeba sauti. Niliwahi kununua kondensa ya bei nafuu, nikaichomeka kwenye tundu la hedifoni la laptopu kwa kebo iliyokuja nayo, nikapata sauti hafifu yenye mchakacho kama wa mafuta yanayokaanga, nikairudisha dukani nikilalamika kwamba ni mbovu. Maiki ilikuwa nzima. Ilikuwa na njaa.

Wapo wanaosema kwamba kondensa haifai nyumbani kwa sababu "inavuta kelele za mbali." Maelezo hayo hayako sawasawa. Kondensa hutoa umeme mwingi zaidi kwa sauti ileile, lakini mizani kati ya sauti yako na kelele huamuliwa zaidi na umbali na mwelekeo kuliko aina ya maiki. Dainamiki huonekana tulivu kwa sababu watu huiimbia wakiwa wameigusa kwa midomo. Hata hivyo, kwa anayeishi kando ya barabara ya bodaboda, ushauri wangu ni uleule wa mafundi wa zamani: dainamiki, karibu, na godoro mgongoni.

Kituo kinachofuata ni kadi ya sauti ya nje, kile kiboksi ambacho mafundi wetu hukiita saundi kadi, mfano Focusrite Scarlett au Behringer, chenye matundu ya maiki upande mmoja na kebo ya USB upande wa pili. Maiki za USB zimekifungia kiboksi hicho ndani ya tumbo lake. Ni rahisi kuanza nazo, ila kuziongeza hadi mbili katika kompyuta moja huleta usumbufu. Umeme unaotoka kwenye maiki ni mdogo sana, sehemu chache tu za elfu za volti, kwa hiyo kazi ya kwanza ya saundi kadi ni kuukuza, na kitufe cha kuukuza ndicho kinachoitwa geini. Hapa ndipo rekodi nyingi hufia. Katika ulimwengu wa namba kuna dari iitwayo sifuri, na juu yake hakuna kitu. Wimbi likiigonga dari hukatwa kichwa, na kichwa kilichokatwa hutoa mkwaruzo ambao hakuna programu inayoweza kuurudisha kuwa sauti kamili. Anayeanza huogopa sauti ndogo kuliko anavyouogopa mkwaruzo, hivyo hupandisha geini hadi taa ya kijani igeuke nyekundu, akidhani nyekundu ni dalili ya nguvu.

Njia ya kuipanga ni hii. Usiseme "halo, halo, moja, mbili," kwa sababu hakuna anayeimba kwa sauti hiyo. Imba sehemu ya wimbo iliyo kali kuliko zote, pengine kiitikio cha mwisho ambacho unakitoa kwa kifua kizima, ukiwa umesimama pale pale utakaposimama wakati wa kurekodi, huku mkono mmoja ukiwa kwenye kitufe. Tazama kipimo ndani ya programu: vilele vikicheza kati ya desibeli 12 na 6 chini ya sifuri, hapo panafaa. Kisha punguza kidogo zaidi, maana mtu akishapata moto huimba kwa nguvu kuliko alivyojaribu. Ubeti wa taratibu utaonekana mdogo kwenye skrini, kama mstari mwembamba tu, nao hauna neno. Sauti ndogo iliyo safi huongezwa baadaye bila gharama.

Katika kituo hiki kuna pia mngurumo wa chini usiokoma, ambao ukisikika hata ukiwa umefunga mdomo basi huenda ni umeme wa nyumba. Umeme wetu wa gridi una mzunguko wa hezi 50, na mngurumo wake hukaa hapo pamoja na kwenye hezi 100 na 150. Chomoa chaja ya laptopu na uiache itumie betri: mngurumo ukikatika, umempata mwizi, na dawa ya haraka ni kurekodi kwa betri.

Sasa sauti hugeuzwa namba. Saundi kadi hupima kimo cha wimbi mara nyingi kila sekunde, na kila kipimo huitwa sampuli. Kanuni iliyotokana na kazi za Harry Nyquist mwaka 1928 na Claude Shannon mwaka 1949 inasema kwamba ukipima zaidi ya mara mbili ya mzunguko wa juu kabisa unaoutaka, wimbi lote hadi mzunguko huo linaweza kujengwa upya kikamilifu. Masikio ya kijana mwenye afya huishia karibu na hezi 20,000, kwa hiyo diski za CD, zilizoingia sokoni mwaka 1982 kutoka kwa Sony na Philips, zilipangiwa sampuli 44,100 kwa sekunde. Video nazo zilizoea 48,000. Michoro mingi huonyesha sampuli kama ngazi zenye kona na kumfanya msomaji aamini kwamba sauti ya kompyuta imekatikakatika. Mchoro huo unapotosha, kwa sababu wakati wa kuisikiliza, saundi kadi huunganisha nukta hizo kuwa wimbi laini, na ngazi hazifiki kwenye spika. Chagua 48,000 ikiwa wimbo utawekewa video, 44,100 ikiwa hautawekewa, na usipoteze usiku kwa mjadala wa 96,000, ambao huijaza diski upesi bila sikio kupata kitu.

Namba ya pili ni biti, na hapa lugha yetu ina mtego, kwa sababu prodyuza anapokuambia "nitumie biti" anataka ala za wimbo, ilhali biti za kompyuta ni tarakimu zinazoeleza kimo cha kila sampuli. Biti 16 hutoa ngazi 65,536 za kimo, na biti 24 hutoa 16,777,216. Kila biti ina thamani ya takriban desibeli 6 za nafasi kati ya sauti kubwa kabisa na mchakacho wa chini, yaani 96 kwa biti 16 na 144 kwa biti 24. Hesabu hii ndiyo inayokupa ruhusa ya kuteremsha geini bila hofu: ukiacha desibeli 12 juu kama akiba, umepoteza biti mbili tu kati ya 24, na zilizobaki zinazidi utulivu wa chumba chochote utakachowahi kukirekodia. Traki moja, yaani mkondo mmoja wa sauti kama wa mwimbaji au wa gitaa, ya biti 24 kwa sampuli 48,000 hula takriban megabaiti 8.6 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne wenye traki 20 utakaribia megabaiti 700, kabla ya kuhesabu majaribio yaliyoharibika, ambayo kwa kawaida ni mengi kuliko yaliyofaulu.

Kituo cha kusubiri ndicho kinachowachanganya watu kuliko vyote, kwa kuwa kosa lake halisikiki kama kosa la mashine, bali humfanya mwimbaji ajione hana mahadhi. Kompyuta haishughulikii sampuli mojamoja. Huzikusanya kwenye chombo kiitwacho bafa, kikijaa ndipo inakichukua, kama konda anayesubiri daladala ijae kabla ya kuondoka. Bafa ya sampuli 1,024 kwa kasi ya 48,000 huchukua milisekunde 21 kujaa, na kwa kuwa sauti husubiri wakati wa kuingia na wakati wa kutoka, unaisikia sauti yako kwenye hedifoni baada ya milisekunde 43 hivi. Umbali wa sauti hewani kwa muda huo ni zaidi ya mita 14. Ni sawa na kuimba huku spika inayokurudishia sauti yako imewekwa upande wa pili wa uwanja wa nyumba. Mwimbaji wa zouk ya taratibu anaweza kuvumilia; lakini katika singeli, ambayo mara nyingi hupita mapigo 200 kwa dakika, tuseme 240, robo ya pigo ni milisekunde 62 tu, na aliyecheleweshwa 43 amekwisha kupotea.

Wakati wa kurekodi, punguza bafa hadi 128, na safari ya kwenda na kurudi itashuka hadi milisekunde 5 na kitu. Wakati wa kumiksi, yaani kuzichanganya na kuzisawazisha traki, ambapo hakuna anayeimba, irudishe 1,024 ili kompyuta ipumue, maana bafa ndogo katika mashine dhaifu huleta mikatiko na milio ya tik-tik. Katika Windows tumia dreva (programu ndogo inayoendesha kifaa) ya ASIO, iliyobuniwa na kampuni ya Steinberg, inayoifikisha sauti kwenye programu bila kupita ofisi zote za Windows. Kompyuta za Apple zina njia yao tayari. Saundi kadi nyingi pia zina swichi ya kukusikilizisha maiki moja kwa moja kabla sauti haijaingia kwenye kompyuta, na kwa laptopu ya zamani swichi hiyo inatosha kabisa. Hedifoni za Bluetooth ziweke kando, kwa sababu kuchelewa kwake kwa kawaida hupita milisekunde 100 na hakuna mpangilio wa bafa utakaokuponya. Tumia hedifoni ya waya inayofunika sikio lote, ili mapigo ya ala yasivuje na kuingia tena kwenye maiki.

Kuhusu programu sina mengi ya kusema, na hilo lenyewe ni maoni. Audacity ni ya bure na inatosha kwa sauti na gitaa, lakini ni dhaifu kwa anayetaka kutengeneza ala ndani ya kompyuta. Reaper ni nyepesi na hukubali laptopu dhaifu, na unaweza kuijaribu kikamilifu kwa siku 60. GarageBand huja bure na kompyuta za Apple. FL Studio, iliyoanzia Ubelgiji mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops, ndiyo lugha mama ya maprodyuza wengi wa Bongo Fleva, na toleo lake la majaribio lina sharti moja linaloumiza: unaweza kuhifadhi kazi, ila huwezi kuifungua tena hadi ulipie. Nakala zilizovunjwa zinazosambazwa kwa flashi nimezitumia na nimejuta. Yangu iliondoka na nyimbo mbili na ikaniachia virusi. Anayeanza na aichague moja, akae nayo mwaka mzima.

Ndani ya programu hizo kuna vitu viwili vinavyofanana kwa macho lakini ni tofauti kabisa: sauti na midi. Traki ya sauti ni rekodi ya mawimbi. Traki ya midi haina sauti hata kidogo. Ina maagizo tu, mfano "bonyeza noti ya 60 kwa nguvu ya 96, iachie baada ya nusu pigo," na ala iliyo ndani ya kompyuta ndiyo inayoyatii. Kiwango hicho kilitoka mwaka 1983, makampuni yalipokubaliana vinanda vyao vielewane, na thamani zake nyingi bado zinaanzia 0 hadi 127. Kwa kuwa ni maagizo, kosa la noti moja hurekebishwa kwa kuisogeza kwa kipanya, na kinanda kinaweza kugeuzwa filimbi baada ya kupigwa. Lakini midi imerithi ngazi ya noti 12 ya piano, na mpiga taarabu anayetaka robo noti za maqam ya rast, mojawapo ya ngazi za muziki wa Kiarabu, mara nyingi atalazimika kuzipindisha kwa mkono, noti baada ya noti. Kwa kazi hiyo, udi halisi mbele ya maiki moja humaliza haraka zaidi.

Kosa jingine dogo linaloliza watu: sauti kutoka sikio la kushoto tu. Maiki moja ni kinywa kimoja, kwa hiyo traki yake iwe ya mono, yaani ya mkondo mmoja. Ukiiwekea steryo, yenye kushoto na kulia, programu husubiri maiki ya pili kwenye tundu la pili, haiipati, na upande wa kulia hubaki kimya.

Kumiksi kwa anayeanza kunaweza kuanza na vidhibiti vya sauti peke yake. Vishushe vyote, pandisha ngoma, kisha sauti ya mwimbaji hadi kila neno lisikike, halafu ingiza vingine chini ya hivyo viwili. Ukifika hapo ndipo uiondolee sauti ya mwimbaji kila kilicho chini ya hezi 80, ambako hakuna wimbo bali mitikisiko ya miguu na malori. Utumie kompresa, kifaa cha programu kinachopunguza sauti kubwa, kuvisogeza karibu vilio na minong'ono. Kisha riveb, yaani mwangwi wa kuongezwa, kiasi ambacho ukikizima unakihisi kimeondoka lakini kikiwepo hukioni. Fanya yote kwa sauti ya mazungumzo. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio husikia besi zaidi kadiri sauti inavyopanda, hivyo anayemiksi kwa kelele hupunguza besi bila kujua, na kesho yake wimbo unakuwa mwembamba. Usishindane pia kwa ukubwa: Spotify kwa kawaida huzisawazisha nyimbo kwenye LUFS 14 chini ya sifuri (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa wimbo jinsi sikio linavyousikia), kwa hiyo wimbo uliobanwa hadi ukaumia utateremshwa tu.

Toa wimbo kama faili la WAV, ambalo halijabanwa, na ulihifadhi mahali pawili, moja pakiwa nje ya laptopu, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi hauulizi kazi imefikia wapi. MP3, ambayo imebanwa, ya kilobiti 320 kwa sekunde inatosha kwa kusikilizisha watu. Kisha usikilize kwenye simu ya kawaida, ile spika ndogo ya chini, maana huko ndiko wengi watakakousikia: besi itakuwa imetoweka, na ikiwa wimbo ulisimama juu ya besi peke yake, mwimbaji ataelea bila ardhi, na itabidi urudi kuipa besi hiyo kiasi cha sauti ya kati. Ukimtumia rafiki kwa WhatsApp, mtumie kama waraka na si kama ujumbe wa sauti, la sivyo atakachokipokea kimebanwa upya, na mtatumia jioni nzima kubishana juu ya kosa lililoingilia kwenye simu.